Paipu Moja, Malori Mawili

Kazi yangu ni kinyesi. Watu wakiniuliza huwa nasema natafiti maji, kwa sababu hilo ndilo neno linaloweza kutamkwa mezani, lakini ninachofuata hasa ni kinyesi: kinatoka wapi, kinaingia mto gani, na kinasafiri vipi hadi kikafika kwenye kikombe cha mtu. Maabara yetu iko Kitui. Kutoka hapo tunateremka na masanduku ya barafu hadi mito ya mchanga ya upande wa Kwa Vonza, halafu tunakwenda chini kabisa, hadi Athi, mto unaotutenga sisi wa Makueni na wenzetu wa Kitui.

Athi hutufikia ukiwa umeshapita Nairobi. Mvua ya kwanza ikinyesha huko juu, maji yanafika kwetu yakiwa meusi, na juu yake povu nene linalotetemeka kama mafuta ya nguruwe. Nepi za watoto zinanasa kwenye matawi na kubaki zikining'inia hata mto ukishapungua. Nimewahi kuingiza chupa yangu majini, mkono ukiwa ndani ya glavu, nikahisi kitu laini kinanigusa kwenye kifundo cha mkono na kupita polepole. Sikuangalia kilikuwa nini. Nilifunga chupa, nikapanda ukingoni, nikatapika nyuma ya gari. Mwenzangu wa kazi alinipa maji ya kusukutua nikayakataa, kwa sababu wakati huo hata maji ya chupa niliyaona yana macho.

Ukifanya kazi hii miaka mingi, kinyaa hakiishi. Kinahamia tu kwenye mambo madogo. Nyumbani kwangu Kitui naosha nyanya mara tatu. Sinywi sharubati hotelini. Mume wangu huwaambia wageni kwamba mimi ni mke wa bei nafuu, sili kwa watu. Wanacheka, nami nacheka, lakini macho yangu yako kwenye glasi wanazoshika.

Mahali pamoja tu palikuwa pamebaki ambapo nilikunywa bila kufikiri: kwa mama yangu.

Mama anaishi upande wa Makueni, mbele ya Makindu ukielekea mtoni. Ni mjane, mkulima wa pojo na mbaazi, mwimbaji wa kanisa, na ana magoti mabovu. Zamani alichimba maji kwenye mchanga wa kijito kilicho chini ya shamba, kama wanawake wote wa huko, na maji yale ya mchangani yalikuwa masafi kuliko watu wanavyodhani, maana mchanga huchuja. Magoti yalipokataa, tulimnunulia tangi kubwa jeusi, naye akaanza kuletewa maji na lori. Lori lilikuwa la buluu, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe mstari wa Biblia kuhusu maji ya uzima. Mwenye lori alikuwa mzee wa kanisa lao, mwanaume wa makamo, mpole, anayewaita wanawake wote wazee mama na kuwashika mikono miwili akiwasalimu. Majirani wote walinunua kwake.

Kiangazi kimoja Mama alianza kuharisha. Ilipona, ikarudi, ikapona, ikarudi tena. Kwenye simu aliniambia ni muthokoi uliolala, mahindi ya kukoboa ya jana yake. Nilipokwenda kumwona, nikamkuta amekonda hata leso inamzunguka kiunoni mara mbili. Na si yeye peke yake. Jirani wa juu alikuwa amelazwa, na mjukuu wa jirani wa chini alikuwa ametolewa hospitalini juzi tu, macho yameingia ndani.

"Unachemsha maji?" nilimuuliza.

"Maji ya lori yana dawa, mwiitu, binti yangu," alisema. "Mwenyewe huitia mbele yetu. Unaisikia hata harufu."

Alinichotea kikombe. Nilikishika. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kunusa maji ya mama yangu kabla ya kuyanywa, naye aliona. Uso wake ulifungwa. Nilikirudisha kikombe mezani, nikasema nitayabeba niyapime.

"Umenipima mimi sasa," alisema.

Nilijaza chupa zangu kwenye bomba la tangi, nikaziweka kwenye barafu, na siku hiyohiyo nikashika barabara ya Kibwezi kurudi Kitui. Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Unapitisha maji kwenye karatasi nyembamba ya kuchujia, unailaza karatasi hiyo kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, unakiacha kwenye kabati la joto hadi kesho. Kila kidudu cha kinyesi kilichokuwa ndani ya maji kinazaana na kuwa kidoa cha buluu. Maji safi hayaachi kidoa. Maji mabaya yanaacha vidoa unavyoweza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Nilipofungua kabati asubuhi, visahani vya mama yangu havikuwa na vidoa. Vilikuwa buluu vyote, ukingo hadi ukingo, mng'aro wa kuteleza, na harufu iliyotoka nilipoinua kifuniko ilikuwa ya choo cha shule wakati wa mchana. Nilikaa kwenye kiti cha maabara. Niliwaza juu ya chai niliyokunywa kwake Krismasi, na uji, na yale maji aliyonipa nikamezea dawa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mto. Nilijua lori lilichota kwenye dimbwi moja la Athi, chini ya daraja. Basi wiki iliyofuata nilikwenda nikapima dimbwi lile. Yalikuwa maji mabaya, kama Athi wote ulivyo mbaya. Lakini vidoa vyake vilihesabika. Nikarudia, nikapata vilevile. Maji yalikuwa yanatoka mtoni yakiwa na uchafu wa kawaida, yanatiwa dawa, halafu yanafika kwa mama yangu yakiwa machafu kuliko mto wenyewe. Kati ya mto na tangi kulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni lori.

Nilimngoja dereva kwenye dimbwi. Alikuwa mtu wa Garissa, mrefu, mkimya, aliyewahi kusafirisha mbuzi na ng'ombe kabla ya kuajiriwa na yule mzee wa kanisa. Tulisalimiana. Nilimwambia mimi ni binti wa mama fulani, ninapima maji. Hakuuliza maswali. Aliteremsha paipu, akawasha pampu, lori likaanza kujaa. Saa ya sala ilipofika alitandika mkeka kivulini, na ndipo nilipoona jambo. Alikuwa amesimama kando ya lori lenye maelfu ya lita za maji, lakini alitawadha kwa maji ya chupa ya dukani, akiyamimina kidogokidogo kwenye kiganja ili yamtoshe.

Nilimwacha aswali. Alipomaliza nikamuuliza.

"Kwa nini hutumii ya lori?"

Alikunja mkeka polepole. "Dada, hayo siwezi kuyatia mdomoni."

"Kwa nini?"

Aliniangalia kama mtu anayepima kama atasikika. "Mimi nilimwambia tajiri. Aliniambia nikichoka na kazi niseme. Kwetu kuna watu wananitegemea." Halafu akasema, "Njoo pale yadi tunapoegesha malori, asubuhi ya siku ya soko. Usiulize mtu. Nunua chai ng'ambo ya barabara, ukae uangalie."

Yadi ilikuwa kwenye mji mmoja wa barabara kuu ya Mombasa. Si Salama wala si Makindu, na jina lake nitaliacha. Nilinunua chai nisiyokunywa. Lango lilikuwa wazi. Ndani yalisimama malori mawili, mgongo kwa mgongo. La buluu nililijua. La pili lilikuwa la kijivu, bila maandishi, limechuruzika mistari ya kahawia kutoka kwenye mfuniko wake wa nyuma hadi kwenye magurudumu. Lilikuwa lori la kunyonya vyoo. Nzi walikuwa wamelifunika kama shuka, wakiinuka na kutua.

Lori lile lilikuwa limerudi kutoka kumwaga. Kijana wa kazi alifungua paipu nene ya kijani kutoka kwenye lori la choo. Ilipochomoka ilikohoa. Uji mzito ulimwagika chini, akauruka. Aliisuuza paipu kwa ndoo moja ya maji, akaitikisa, kisha akaiburuta juu ya uchafu uleule hadi kwenye lori la buluu, na kuifunga kwenye pampu. Yadi nzima ilikuwa na paipu moja na pampu moja.

Niliiweka chai chini, nikaziba pua na mdomo kwa leso. Mwenye kibanda cha chai aliniuliza kama nina mimba.

Kabla sijaondoka niliuliza hapo kibandani lile la kijivu humwagia wapi. Kila mtu alijua. Humwaga kwenye korongo lililo nyuma ya mji, akasema mama wa chai, huku akikatakata sukuma wiki. Na nililijua korongo lile kwenye ramani zangu. Mvua ikinyesha linateremka hadi kijito cha upande ule, kijito hicho kinaingia Athi, na mdomo wake uko juu ya dimbwi la daraja, lile ambalo lori la buluu huchotea. Choo cha mahoteli na nyumba za kupanga za mji ule kilimwagwa korongoni, kikaletwa na mto, kikachotwa, kikapitishwa kwenye paipu iliyotoka kukibeba, na kuuzwa kwa mama yangu chini ya mstari wa Biblia.

Niliandika ripoti kwa wakubwa wangu, nao wakaipeleka kunakohusika. Huko ilikaa. Mimi nikaona nimwambie Mama na wanawake wenzake moja kwa moja, kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwao. Mchungaji alinipa nafasi baada ya ibada. Nilikuwa na picha za visahani. Nilieleza bakteria, nikaeleza mto, nikaeleza paipu. Niliona nyuso zikinisikiliza kwa adabu, kama zinavyomsikiliza mgeni anayeuza sera.

Mzee wa kanisa alisimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada yetu amesoma, tunamshukuru Mungu," alisema. "Mimi sikusoma. Mimi najua tu kwamba siwezi kuwapa mama zangu kitu ambacho mimi mwenyewe sinywi." Akaomba glasi. Akaenda hadi tangi la kanisa, ambalo yeye ndiye aliyelijaza bila malipo, akafungua bomba mbele ya watu wote. Akanywa yote. Akafuta mdomo kwa kiganja. "Watoto wangu pia hunywa haya," akasema.

Watu walipiga makofi. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka, na mate yakanijaa mdomoni, yale ya moto yanayotangulia matapishi. Nilijua kilichokuwa kikishuka. Nilijua pia kwamba huenda asiugue, kwa sababu tumbo la mtu mzima lililozoea huvumilia mengi, na asipougua mimi ndiye nitakayekuwa mwongo. Hakuugua. Jumapili iliyofuata aliimba.

Mama hakuongea nami njia nzima kurudi nyumbani. Tulipofika alikaa kwenye kigoda, akanyoosha magoti yake.

"Umemwaibisha mtu aliyemzika baba yako," alisema. "Alileta maji ya matanga. Hukuwepo kuyabeba wewe."

"Mwaitu, mama yangu, nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako yanaona uchafu kila mahali. Hata kwangu." Kuku alikuwa akikwaruza chini ya tangi, pale penye unyevunyevu. Halafu akasema, "Nipeleke. Nikikuta umesema uongo, utakuja mbele ya kanisa uombe msamaha."

Siku ya soko nilimpeleka. Hatukukaa ng'ambo ya barabara. Mama alivaa leso yake nzuri, akaingia langoni kwa fimbo, akasema amekuja kuagiza maji. Kijana wa kazi alimheshimu, akamletea stuli, akamwambia mwenyewe hayupo ila asubiri kidogo wanajaza tangi la juu. Mimi nilibaki nyuma yake. Malori yote mawili yalikuwepo. Yule wa Garissa alikuwa kwenye usukani wa lile la buluu, akanitazama kupitia kioo, akageuza uso.

Paipu ilichomolewa kwenye la kijivu. Ilikohoa vilevile. Ndoo moja ya maji. Ikaburutwa. Safari hii waliwasha pampu ili kusukuma maji ya lori la buluu hadi kwenye tangi la wapangaji wa nyumba za pembeni, lililokuwa juu ya jukwaa, na tangi lilipojaa, maji yakafurika na kuteremka ubavuni hadi karibu na miguu ya Mama. Mwanzo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yakaja na karatasi, vipande vilivyolowa vya gazeti, na kitu kingine kidogo kilichoviringika ambacho Mama alikitazama kwa makini kwa sababu macho yake si mazuri. Aliinama. Akakigusa kwa ncha ya fimbo. Kikapondeka.

Aliinuka bila kuniambia nimsaidie. Alitoka langoni, akavuka barabara kuu bila kuangalia magari, akashika nguzo ya kibanda cha chai na kutapika, mara nyingi, hadi kikatoka kitu cha njano tu. Nilimshika mgongo. Aliutikisa mkono wangu.

"Nimekunywa," alisema. "Nimewapa wageni. Nimempa mjukuu wa jirani nikimwambia kunywa, ni dawa."

Ile fimbo hakuirudisha nyumbani. Aliiacha pale barabarani.

Jioni ya siku hiyo aliwaita wanawake wa kikundi chao. Mimi nilikuwa na picha zangu tayari, lakini hakunipa nafasi. Hakutaja bakteria. Alieleza karatasi ya gazeti. Alieleza kile kitu kilichopondeka, akionyesha kwa kidole ukubwa wake, na mwanamke mmoja akatema mate chini, mwingine akaziba mdomo kwa leso, mwingine akasema basi, basi. Mimi nilikuwa nimewaletea vidoa vya buluu, wao wakaviona kama maua. Kinyaa kile cha Mama kilihitaji maneno machache tu, nacho kikapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa kasi kuliko kidudu chochote nilichowahi kupima.

Asubuhi walifungua mabomba. Kilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, mwezi ambao mtu hunawa uso kwa maji aliyooshea vyombo. Na wanawake wale, nyumba baada ya nyumba, walimwaga matangi yao chini. Maji yalitiririka katikati ya njia za miguu. Mbuzi waliyakimbilia wakafukuzwa kwa mawe. Mwanamume mmoja alimshika mkewe mkono akimuuliza kama ana wazimu, naye akamwambia anywe yeye. Nilisimama nikitazama vumbi jekundu likiyameza maji yale, na sikuona fahari yoyote. Niliona tope, na ndani ya tope nilijua kilichomo, na kuku wa Mama walikuwa wakidonoa.

Mwenye lori alikuja kwa Mama siku iliyofuata. Alikataa kukaa.

"Mama, umeniharibia," alisema. "Ungeniita. Ile paipu tunaisuuza. Na dawa inaua kila kitu."

"Unaisuuza kwa ndoo ngapi?"

Alitazama viatu vyake. Nadhani wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba hakutudanganya pale kanisani. Aliamini ndoo moja na dawa vinatosha; hakujua kwamba uchafu mwingi huimaliza dawa nguvu. Aliwapa watoto wake maji yale akiamini, na kwa hilo nilimchukia zaidi kuliko kama angekuwa mwizi, maana mwizi angalau hujua alichokificha.

"Mwanangu," Mama alimwambia, "nenda ukawapime watoto wako tumbo."

Maafisa wa afya walikuja baadaye, wakafunga yadi. Ikafunguliwa. Sasa ana paipu mbili, nasikia, na lori la maji amelipaka rangi ya kijani na halina tena mstari wa Biblia. Anauza ng'ambo ya mto, upande wa Kitui, ambako hakuna aliyeona karatasi. Yule wa Garissa aliacha kazi. Mara ya mwisho nilimwona Makindu akipakia mbuzi, akaniinulia mkono. Mjukuu wa jirani amenenepa. Mama anachemsha maji hadi sufuria inaungua chini, na ananunua kutoka kwa wenye punda wanaochota kijitoni, maji ya mchanga, ambayo nayo mimi huyapima kila nikienda, naye huniacha niyapime.

Korongo halijaguswa. Nilipita huko baada ya mvua za juzi na sanduku langu la barafu. Visahani vilikuwa buluu.

Mwezi uliopita tulikuwa na mazishi ya ndugu wa marehemu baba. Watu walijaa. Lori la kijani lilikuja kuleta maji ya kupikia, zawadi kwa wafiwa, na mwenyewe akateremka akanijia kati ya watu, akanishika mikono miwili, akanipa pole. Mikono yake ilikuwa na joto na unyevunyevu. Nilimshukuru. Chakula kilipopakuliwa nilisema nimeshiba, na shangazi yangu akawaambia walioketi karibu, mwacheni, huyu siku hizi ni mtu wa Kitui, hali kwetu. Nilikaa hapo hadi mwisho, mikono juu ya mapaja, viganja juu, nisiguse nguo yangu.